Siku Nilipowanyamazisha Watu wa Zuhura

Nakumbuka Jumamosi moja, baada ya swala ya alasiri, nilisimama mbele ya watu wapatao tisini katika ukumbi mdogo wa ghorofa ya kwanza pale Mchafukoge, juu ya maduka ya vitambaa, nikawaambia wanyamaze. Wakanyamaza. Sijawahi kutiiwa namna ile maishani mwangu, wala sijawahi kujuta namna ile.

Mwanangu, najua utacheka nikikuita hivyo. Nimekupita miaka minane tu. Lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, utake usitake, na leo nautumia umama huo wote. Juzi ulipokuja ulisema wenzako wa chuo wanaenda kuangalia mchezo mpya wa jukwaani, ulioandikwa na kijana wa Ilala ambaye hakuna anayemjua. Nikakuuliza kama utaenda. Ukasema, "Nitasubiri kwanza nisikie watu wanasemaje." Nikakumiminia chai. Tangu siku hiyo maneno yale yananikereketa, maana yalikuwa maneno yangu kabla hayajawa yako.

Wakati huo ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya fasihi na sina kazi. Mtu wa namna hiyo hata akinunua nyanya anadhani muuzaji anamwuliza kwa macho, wewe mbona upo nyumbani? Ujumbe wa simu wa maneno matano niliusoma mara nne kabla ya kuutuma, kisha nikausoma tena ukishafika. Zuhura alikuwa kinyume changu. Tuliishi jengo moja, yeye chini, mimi juu, tukiitana shoga tangu madrasa. Aliishia kidato cha nne, akawa anauza mapazia Kariakoo, na mteja akiondoka anaandika. Siku moja akapanda ngazi na madaftari mawili.

"Shoga, nimeandika mchezo," akasema. "Wewe ndiye msomi wetu, nichapie. Na usinirekebishie maneno yangu, nakujua."

Nikauchapa. Ulimhusu bibi mmoja mjane ambaye watoto wake wanataka kuibomoa nyumba yake ya vyumba sita ili mwenye fedha ajenge ghorofa. Mambo tunayoyaona huku kwetu kila tukitoka nje. Lakini Zuhura alifanya kitu ambacho sikukizoea. Kila watoto wanapomaliza kubishana, Bibi anawageukia watazamaji na kuwauliza: "Jamani, mlango wangu utakuwa ghorofa ya ngapi?" Au, "Na nyie mliokaa hapo, nikitolewa mtanipokea?" Chini ya kila swali Zuhura ameandika: *Hapa Bibi anangoja mpaka watu wajibu.* Sehemu hizo zilikuwa saba. Majibu ya watu ndiyo yanayompa Bibi nguvu, mpaka mwisho anasimama na kuwaambia watoto wake kwamba hatoki. Bila majibu hana pa kushika.

Mimi niliposoma niliona haya. Sisi tamthilia tulifundishwa kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, muundo, matumizi ya lugha. Waandishi walikuwa majina juu ya majalada, wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumfikiria mwandishi kama mtu anayekuja kuomba chumvi. Kwa hiyo alipotokea mmoja kwenye ngazi zetu, sikumtambua. Nikasema moyoni, huu siyo mchezo, hizi ni soga za uani. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wazee. Mimi niliwatukana kimoyomoyo.

Basi Zuhura akabahatika. Kikundi kimoja cha sanaa kilikuwa kinatafuta mchezo mmoja mpya, kiuonyeshe kila wiki kwa miezi mitatu katika ukumbi mkubwa mjini. Wakamwambia watatuma watu wawili kuja kuuona ukichezwa mbele ya watu, mara moja tu. Wakiupenda, umechukuliwa. Zuhura akawaalika watu wake: wauza viungo, mama ntilie, mafundi cherehani, majirani. Bibi akaigizwa na Bi Tunu wa Jangwani, mama mtu mzima aliyezoea kuwaongoza wenzake kuimba harusini. Na mimi, kwa sababu ya shahada yangu, nikapewa kazi ya kufungua shughuli.

Siku tatu nilikaa nikiandika sentensi mbili. Niliwaza: hawa akina mama watapiga kelele, wageni watatuona washamba, na mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama pale. Ndipo nikasimama nikasema: "Ndugu zangu, huu ni mchezo wa kuigiza, siyo kicheni pati. Tuzime simu, tukae kimya mpaka mwisho, na tafadhali tusijibizane na waigizaji."

Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameshavua viatu na kukunja miguu kwenye kiti. Akaishusha, akavaa viatu vyake.

Mchezo ukaanza. Watoto wakabishana, Bi Tunu akawageukia watu akauliza swali lake la kwanza. Kimya. Kutoka barabarani kikasikika kipaza sauti cha muuza mitumba: njoo uchague, njoo uchague. Bi Tunu akauliza tena. Nyuma kabisa, Mama Saidi muuza viungo akajisahau, akasema, "Bibi, usitoke wa—" Nikageuka nikamtazama kama mwalimu wa zamu. Akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mwanangu, watu hupenda kusema, "Sikujua." Mimi nilijua. Pale pale, nilipouona mtandio ule mdomoni, nilijua nimefanya nini. Ningeweza kunyanyua mkono na kusema, jamani, jibuni. Nikawa napima nitaonekanaje, huku swali la tatu linapita, la nne linapita. La tano Bi Tunu akajijibu mwenyewe. La sita na la saba akayaruka. Alipofika mwisho na kusema hatoki, ilikuwa kama mtu anayesoma barua ya jirani.

Wakapiga makofi ya adabu. Kisha mmoja wa wageni, baba mpole mwenye miwani, akasema, "Lugha nimeipenda. Ila kuna mahali Bibi anasimama sana. Amesahau maneno, au mwandishi ndiye aliyeacha mapengo?"

Alinitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyefungua. Zuhura naye alinitazama. Nilichotakiwa ni kusema tu, "Ni mimi niliyewafunga midomo." Maneno manne. Nikaanza kufikiri: watauliza nani alinituma, watauliza nimesoma wapi, watacheka. Kabla sijamaliza kufikiri, ulimi ukasema wenyewe:

"Mwandishi bado anajifunza."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Wakanywa soda zao, wakaaga.

Bi Tunu alinifuata bado amejifunga kanga ya yule bibi. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Mwanangu, umetualika harusini halafu umetukataza vigelegele. Hilo ni ujinga, na ujinga una dawa. Lakini kumtupia mwenzio mzigo wako mbele ya wageni, hilo hukufundishwa chuoni. Hilo ulikwenda nalo."

Baada ya wiki mbili jibu likaja kwamba umechukuliwa mchezo wa mtu mwingine. Zuhura hakunigombeza. Mimi nikatumia mwezi mzima kuipanga samahani yangu, kisha nikamfuata dukani. Alikuwa anapindia pazia, pini mdomoni.

"Zuhura, siku ile ni mimi niliyewanyamazisha watu."

Akazitoa pini. "Najua. Nilikuwa pale nyuma, nilikusikia. Hilo nilikusamehe hapo hapo, nikasema shoga kaogopa. Nilichokuwa nangoja ni useme ulipoulizwa."

"Nitawapigia simu, niwaambie—"

"Uwaambie nini sasa? Watu wameshashuka ngazi." Akamgeukia mteja. "Karibu dada, hii inafika mpaka chini."

Zuhura hajaandika tena. Siku hizi tukikutana hunisalimia, "Mambo?" Nami najibu, "Poa." Inaishia hapo. Samahani yangu ilipangika vizuri, haikuwa na kosa hata moja, na haikumfaa mtu.

Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Zuhura alicheza kwao, juu ya maduka yetu, kwa maneno yetu, na aliyemwangusha ni wa kwao, tena aliyesomeshwa ili awe wa kwanza kumwelewa. Tunasema pia chema chajiuza. Kwa mchezo mpya si kweli, mwanangu. Kitabu kikipuuzwa leo, kesho bado kipo rafuni. Mchezo unahitaji watu siku ile ile, waketi, wapumue, wacheke mahali pa kucheka, la sivyo unafia mikononi mwa wanaoucheza, na mwandishi wake anarudi dukani akidhani kosa ni lake.

Kwa hiyo usingoje watu waseme. Mchezo mpya hauna kijitabu cha maswali na majibu; mwandishi wake yupo hai na anakuchungulia nyuma ya pazia. Nenda, na kabla hujautia kasoro tafuta kwanza anakutaka ufanye nini pale ulipokaa. Ukikuchosha, mwambie yeye usoni, mweleze ulichokea wapi, na umwache na heshima yake. Na ikitokea wewe ndiye uliyeuharibu, sema watu wakiwa bado vitini. Sema vibaya, sema kwa kigugumizi, lakini sema.

Basi nenda. Mungu akupe masikio ya kujisikilizia mwenyewe, na ulimi unaoitangulia hofu yako. Na kijana huyo wa Ilala, ambaye simjui, Mungu amjaalie ukumbi uliojaa, na kati ya waliojaa asiwepo hata mmoja kama nilivyokuwa mimi. Amina.