Swali la Mama Mkwe

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, miaka ya sabini, nilianza kukonda huku nikila kuliko watu wote wa nyumba yetu ya Tinde. Nilimaliza ugali na mlenda, nikaongeza, na bado gauni lilinipwaya. Mikono ilitetemeka hata uzi ukanishinda kutunga kwenye sindano. Asubuhi za kipupwe, wenzangu wakijitanda khanga mbili mbili, mimi nilitokwa jasho. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa nachambua mchele.

Majirani walisema nimerogwa. Wengine, kwamba ndoa imenishinda. Mama mkwe, niliyemwita Mayu kama Wasukuma wanavyomwita mama, aliacha tu kunituma kisimani, akawa anakwenda mwenyewe. Nilidhani amenichoka. Mume wangu alikuwa safarini kununua mpunga, kwa hiyo Mayu ndiye aliyenipeleka hospitali, Shinyanga mjini.

Daktari alinipapasa shingo, akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Ikatikisika. Alisema tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi na kuuendesha mwili wote mbio. Mara nyingi, alieleza, kinga ya mwili, ambayo inapaswa kupigana na magonjwa, hukosea ikaanza kuichochea tezi hiyo. Akauliza kama kuna mtu wa ukoo wetu mwenye rovu, ule uvimbe wa shingoni. Nikamtaja shangazi yangu. Akasema ugonjwa huu hufuata ukoo, na wanawake hupatwa zaidi.

Mayu hakujua Kiswahili kingi. Alinigusa bega, akanipa swali kwa Kisukuma. Nikamgeukia daktari, nikalitafsiri.

"Anauliza kama ni kazi alizonipa ndizo zilizoniumiza."

Daktari alimgeukia. "Hapana, mama. Kuchota maji na kulima hakuleti ugonjwa huu. Hukumkosea."

Nilipomfasiria, alishusha pumzi, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kumbe miezi yote ile alikuwa akijilaumu, nami nikidhani ananilaumu mimi.

Damu ilipimwa, ikathibitika, nikaanza vidonge. Nilipona polepole, mwili ukarudi, hata usingizi uliokuwa umenipotea. Mume wangu aliporudi, Mayu ndiye aliyemweleza habari za tezi kwa kirefu, akinibonyeza shingoni kumwonyesha ilipo, nami nikicheka kwa kutekenywa.