Unga Usiotaka Kelele

Mwoka mikate wa mtaa wa stesheni ana sauti inayovuka reli, na ukimpelekea mayai hugeuzageuza kila moja kwenye mwanga, akilitafutia kasoro ya kushushia bei. Mwaka mzima hugomba. Ila Jumamosi ya kuamkia Pasaka hunong'ona, kwani unga uliokandwa wa mkate wa Pasaka ukishtuliwa na kelele huanguka badala ya kuumuka, na ukianguka, wote watakaoula mkate huo huwa na mwaka mbaya. Jirani yake Zenovia, ambaye mwanawe yuko vitani, alipompelekea mayai ya kupaka mikate alimkuta ameshautia unga makoponi na kuufunika kwa koti lake la baridi. "Vua viatu," mwoka mikate alinong'ona. "Na mayai yenyewe ndiyo haya? Madogo!" Zenovia naye akanong'ona: "Kuku wangu wanalala na ving'ora, mwenzangu. Shukuru wanataga."

Hapohapo king'ora kikalia. "Tushuke chini," Zenovia akasema. "Shuka wewe. Unga hauna miguu." Kombora la Warusi likatua upande wa stesheni, kioo kikapasuka, mlango ukajibamiza ukutani. Wakalitazama lile koti, hakuna anayethubutu kuligusa. Mwishowe mwoka mikate akalishika ncha, akalifunua polepole. Unga ulikuwa umefura hadi juu ya midomo ya makopo. Akavikanyaga vigae vya kioo hadi dirishani, akashika kiuno, akaitoa sauti yake yote: "Mnasikia huko? Hata unga mmeshindwa kuuangusha!" Zenovia akageuka upesi kuyatazama makopo. Hata kwa kelele hiyo, unga haukuyumba.