Tangi Lililovuja Siku ya Ndoa Yangu

Jamani, hili nalisimulia huku natamani kujifunika uso, maana hapa Konde bado kuna watu nikipita wanakohoa makusudi, na haki wanayo. Mimi ndiye yule bwana harusi aliyefuka moshi msikitini. Nilifuka kweli, mbele ya Shehe na wazee wa pande mbili, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa baba wa mke ambaye nilikuwa bado sijampata.

Nianze na kidude chenyewe. Nilikuwa na vepu, ile sigara ya umeme, chini betri, juu kitangi cha kioo unachotia maji yenye ladha (yangu ilikuwa ladha ya embe, msinicheke). Anayekwambia vitu hivi havina taabu hajakaa navyo. Lile tangi lilivuja tangu wiki ya kwanza, kimpira chake cha chini kililegea, nikibadilisha kinalegea tena, ukililaza linatiririka, likipata joto linatiririka zaidi, na likikauka ile pamba ya ndani inaungua na mdomoni unapata ladha ya godoro lililoshika moto. Yote hayo nilikuwa nayajua na bado sikuachana nalo, sijui nililogwa na nani.

Sasa Mzee Faki, baba yake Saumu, ana kitu kimoja hataki hata kukisikia, nacho ni moshi. Ndugu yake alikufa kwa kifua baada ya kuvuta maisha yake yote, na ni yeye aliyemuuguza mpaka mwisho. Posa yangu ilipopelekwa hakuuliza kazi wala nyumba. Aliniita peke yangu akaniuliza, "Weye wavuta?"

"Sivuti chochote, baba," nikamjibu. Chochote! Mdomo wangu huu. Hata Saumu mwenyewe aliwahi kuniuliza mbona nanukia embe wakati si msimu wake, nikamwambia napenda pipi.

Siku ya ndoa tukatoka kwetu Mgogoni kuja hapa Konde baada ya alasiri, mimi nimekaa mbele ya pikapu, kanzu mpya nyeupe imefukizwa udi na mama mpaka kwenye kola, na moyo unanienda mbio kwelikweli. Tulipofika msikitini nikajiambia nivute kidogo tu nyuma ya duka la jirani, nitulie, ndipo niingie. Basi nikavuta, nikatulia, mara nikasikia naitwa, na badala ya kukitupa kichakani au kumpa rafiki yangu Omari aliyenisindikiza, nikakitumbukiza kwenye mfuko wa ubavuni wa kanzu nikaingia msikitini. Sikukizima (ili kizime lazima ubonyeze kitufe mara kadhaa kwa haraka, na nani ana akili ya kubonyeza vitufe anapoitwa kuoa?).

Nikakaa kitako, miguu nimekunja, magoti yangu yakikabiliana na ya Mzee Faki. Shehe wetu ana mtindo wake, hushikanisha mikono kwanza ndipo asome hotuba, na mkono wako wa kulia ukishashikwa na baba wa mwanamke huuondoi mpaka maneno ya ndoa yaishe. Mfuko wenye kidude ulikuwa upande huohuo wa kulia.

Hotuba haijafika mbali nikahisi ubaridi pajani. Nikatazama chini kwa pembe ya jicho, na nguo nyeupe jamani haifichi siri, doa la rangi ya chai linatanuka polepole kutoka kwenye mfuko kwenda mahali pabaya. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Yakhe, bwana harusi kajikojolea!" Nikatamani ardhi inimeze, kumbe hapo nilikuwa bado niko salama.

Maana baada ya ubaridi likaja joto. Paja langu lilikuwa limekilalia kitufe, ambacho ukikibana ndicho kinachowasha moto, tangi limeshamwaga maji yote, na kile kidude kikawa kinaunguza pamba kavu. Nikajisogeza, nikazidi kukibana. Jasho likanitoka, Shehe anasoma, Mzee Faki kanikazia macho, na mfukoni mwangu ukaanza kutoka moshi mwembamba.

"Udi huo," Omari akasema upesi, "mama yake kan'fukiza udi mwingi leo." Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali, na kwa kitambo kidogo nilimpenda Omari kuliko ndugu wa tumbo moja. Lakini udi gani unanuka embe lililoungua? Nikaona pua ya Mzee Faki inacheza, na kiganja chake kikakaza.

Kisha kioo kikapasuka, tak! Nikaruka na kupiga ukelele katikati ya hotuba.

Shehe akanyamaza. Mzee Faki, bila kuuachia mkono wangu, akasema taratibu, "Kitoe."

"Kitu gani, baba?"

"Hicho chenye moshi. Kitoe kwa nkono wa kushoto."

Nikahangaika na ule mfuko, nikakitoa kimelowa na bado kinafuka, nikakiweka kwenye busati mbele ya watu wote. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Ulin'ambia huvuti," akasema.

"Nilisema uongo, baba. Niliogopa utaninyima Saumu."

Akauachia mkono wangu, nami sikujua niuweke wapi. "Mwanangu si mbuzi," akamwambia Shehe, "sin'toi kwa uongo. Akaulizwe tena mwenyewe, aambiwe yote."

Mjomba wake Saumu akaondoka na mashahidi wawili kwenda nyumbani kwa bibi harusi. Mimi nikabaki pale na doa langu, na kwa mara ya kwanza nikaona wazi kwamba naweza kurudi Mgogoni bila mke, kwa sababu ya kitangi kisichoweza hata kushika maji yake. Niliogopa, nasema kweli. Nilitaka kulia.

Mjomba aliporudi hakunitazama, alimtazama Shehe. "Kasema kakubali. Lakini ataka sharti litajwe ndani ya ndoa, kwa sauti, kila ntu asikie. Asivute moshi wa moto wala wa umeme."

Shehe akamgeukia Mzee Faki. Yule mzee akalitazama doa langu, mimi roho iko mkononi, halafu akaunyoosha mkono wake. Niliudaka! Nikatamka mbele ya msikiti mzima kwamba nimekubali kumuoa Saumu binti Faki kwa mahari tuliyopatana, na kwa sharti la kutovuta moshi wa moto wala wa umeme. Hapo ndipo walipocheka, mpaka waliokaa nje kwenye viatu, nami nikatokwa na machozi yangu na sikuyafuta.

Sijagusa tena, wala sitagusa, ndoa yangu imefungwa juu ya neno hilo. Saumu naye habahatishi. Nikinunua kanzu mpya, kabla sijaivaa, yeye hukaa na sindano akaishona mifuko yote miwili ikafungwa kabisa, na ndiyo maana mkiniona naenda msikitini Ijumaa, simu naishika mkononi.