Vishonanguo vya Mwinjilisti

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu watu walikula mpaka wakamsahau bwana harusi. Nilikuwa binti, shule nimeiacha darasa la pili, na mdomo wangu ukianza pale sokoni Levolosi, Arusha, unasikika Moshi.

Nyumbani tulikuwa watu wa sufu. Wakulima wadogo huko Meru, huyu ana kondoo watatu, huyu watano, wanawakata manyoya kwa mkasi na kutuletea kwenye magunia. Sisi tunaosha, tunachambua, tunachana kwa brashi za misumari, tunasokota uzi, tunafuma masweta na kofia. Marehemu baba alimtengenezea mama gurudumu la kusokotea kwa ringi ya baiskeli. Mama akilizungusha, nakwambia, jirani anafungia kuku ndani wasipeperushwe.

Halafu ikaja ruksa. Mipaka ikafunguliwa, mitumba ikashuka kama mvua ya masika. Sweta la Ulaya, zuri, mzungu kalivaa mara mbili tu, linauzwa bei ya sahani ya wali. Letu atanunua nani? Mama akaanza kulitazama lile gurudumu kama mtu anayemuaga mgonjwa. Ilibaki kazi moja: kwaya ya usharika walitaka masweta meupe yenye kola nyeusi, wavae siku ya kufungua kanisa jipya. Tukiiweza, na sharika nyingine zitakuja. Tukishindwa, mama auze gurudumu.

Sasa sufu nyeusi ya kuzaliwa nayo, isiyochuja ukiifua, ilikuwa kwa mtu mmoja tu, Mzee Anaeli, njia ya Momela, kule migomba inakoishia na baridi inakoanzia.

Siku hiyo akaja sokoni kwenye meza yetu, gunia begani. Nikalifungua. Mwanangu, vishonanguo! Vile vimbegu vyeusi vinavyong'ang'ania nguo ukipita majanini. Vilikuwa vingi kuliko sufu yenyewe. Nikaona watu wamesimama, na mimi nikiona watu wamesimama ulimi unaniwasha.

"Jamani njooni muone," nikawaambia wauza ndizi. "Mwaka jana kwenye gunia la huyu mzee tulichambua miiba tukazungushia ua. Leo nyamazeni, nasikia kuku anatamia humu ndani."

"Na mayai ni ya nani?" akauliza mmoja.

"Ya mwenye gunia. Sisi tunalipia sufu tu."

Soko zima likacheka. Muuza nyanya mmoja alikaa chini kwa kicheko. Nilipogeuka, Mzee Anaeli alikuwa anafunga gunia lake. Alilifunga taratibu, akalitupia begani, akaenda zake.

Mama alipoambiwa hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Aliendelea kufuma.

"Mama, ulikuwa utani tu," nikasema.

"Mpare ni mtani wetu Wachaga, mseme mpaka mate yakukauke. Yule mzee ni mtani wako tangu lini? Kaja na mzigo begani, umemrudisha nao moyoni."

Asubuhi akakata jani la isale pale uani, akanipa. Wewe mtoto wa mjini labda hujui: kwetu Wachaga, na kwa Wameru vilevile, ukimkosea mtu unampelekea isale, na si rahisi mtu kulikataa. "Nenda nalo," akasema, "na huo mdomo uuache hapa."

Nikapanda. Nilipanda mpaka nikaona nikinyoosha mkono nitashika kisigino cha malaika. Nikamkuta mzee mlangoni kwake na gunia lile lile, anachomoa kishonanguo kimoja kimoja kwa vidole vinene vya jembe. Nikapiga goti, nikasema shikamoo, nikampa isale kwa mikono miwili.

Akaitikia, akalipokea. Akasogeza gunia likakaa katikati yetu. Basi nikakaa, tukachambua. Nilinyamaza siku hiyo mpaka masikio yakaniuma.

Baadaye sana akasema, "Kondoo hawa ni wa mke wangu. Yeye ndiye alikuwa anawapeleka kwenye majani mafupi, anawachana. Tangu nimzike, mimi nawafungulia tu, wanapita wanakotaka." Akanionyesha kondoo mmoja mweusi pale uani. "Huyu alimwita Mwinjilisti, akianza kulia hajui kumaliza. Aliwasema kondoo hawa vibaya kuliko wewe, binti. Nilikuwa nacheka mpaka machozi."

"Baba, nisamehe. Sikujua."

"Hukuuliza. Ungenitazama mimi ukasema, ningecheka. Ulikuwa unawatazama watu wa sokoni."

Nikainama, machozi yakadondokea kwenye sufu. Mzee akachomoa kishonanguo kimoja, akaniwekea kiganjani.

"Na yule kuku," akasema, uso mkavu kabisa, "mwambie mama yako vifaranga ni wangu."

Nikacheka huku nalia. Naye akacheka, kicheko chenye kutu, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi. Mwinjilisti akasikia, akaanza mahubiri yake, tukacheka upya.

Gunia nililishusha mwenyewe, safi, hata chawa angeteleza. Kwaya wakavaa kola zao nyeusi. Gurudumu halikuuzwa, hilo hapo nyuma yako, usiliegemee. Na kila mara kondoo walipokatwa manyoya nilipanda kwenda kuchambua na yule mzee, na nilimtania mpaka siku anazikwa.

Basi, mwanangu, mimi sitakwambia uache mzaha. Nikisema hivyo paa litatuangukia. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, ni kweli, lakini jipu nalo lisipotumbuka haliponi. Ninachokuambia ni hiki: mtu akikuletea kazi ya mikono yake na imeharibika, muulize kwanza amepatwa na nini. Ukitaka kumtania, mtazame yeye, usiwatazame watu. Akicheka yeye, cheka naye. Asipocheka, kaa chini mchambue pamoja.

Haya, nenda. Mungu akujaze vicheko kinywani, akupe na macho ya kumwona asiyecheka. Akuvike joto kwenye baridi. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, umkute mlangoni mtu wa kulipokea isale lako.