Walikojificha Vijana wa Kaunti

Kila uchaguzi wa urais, mgombea wa Nahashon aliizoa kaunti yao nzima. Mwaka huu aliponea chupuchupu. Nahashon, dereva wa familia moja mtaani Malaz, Riyadh, aliona matokeo kwenye simu akawaka.

"Vijana wa kwetu ni wavivu kupindukia!" alifoka. "Siku ya kura walijificha wapi?"

Ilikuwa Ijumaa ya mapumziko. Wenzake waliobanana chumbani mwake waliendelea kula wali. Wao, na mamia ya wengine mjini, ni yeye aliyewapigia simu kijijini, akiwasifia makafili, wadhamini wa Kiarabu wa kuwaajiri.

Norman alilamba vidole. "Si ni sisi, bro? Si wewe ndio ulituita?"

Nahashon alitia simu mfukoni.

"Haya, songeni," akasema. "Wengine kumi na wawili wanatua kesho."