Mikono Arobaini ya Muheto

Siku yangu ya kwanza kazini nilimdanganya mkubwa wangu bila kujua. Nilikuwa mwinjilisti kijana kutoka Kasulu, nimevuka ziwa kuingia nchi jirani na koti jipya, na kanisa letu lilikuwa limenituma Muheto, katika milima ya Masisi. Nilihubiri saa moja na nusu ndani ya ghala la maharage. Mwishoni nikasema anayetaka kuokoka anyooshe mkono. Ikanyooka mikono arobaini! Nililia mbele za watu, nami si mtu wa kulia.

Mjue, vijana, mwinjilisti hakuwa mchungaji. Hakubatiza wala kufungisha ndoa. Kazi yake ilikuwa kufungua kituo, yaani mahali pa kuhubiria pasipo na kanisa, na kufundisha darasa la ubatizo. Kisha Mchungaji Msimamizi, mkubwa wetu, alikuja kuwahoji wanafunzi na kuwabatiza. Basi nikamwandikia Msimamizi barua ya majigambo, nikamwomba aje haraka.

Darasani hakuja mtu. Nilimwendea Mama Furaha, mkulima aliyenipa chumba, nikamuuliza wale watu arobaini wamekwenda wapi.

"Mbona bote bako mu mashamba, Papa," akasema, maana huko mwanamume huitwa Papa, yaani baba. "Sisi tuko Bakristo tangu zamani, hata bababu zetu. Lakini mugeni ametoka mbali, ameomba mikono. Tungekunyima?"

Kwetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Furaha alinipa jembe papo hapo. Nilikwenda nao kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kijiji kizima hulima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Nililima kwa aibu tupu, wala sikutaka kutazamana na mtu.

Msimamizi alipofika, mzee mfupi mwenye buti za mvua, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha uso ukabadilika.

"Mikono iko salamu tu," akaniambia. "Mimi nataka muntu moja tu, mwenye atasali siku wewe hauko. Enda Omate, kule Walikale. Bachimbaji ba kule habana adabu, habatakudanganya. Mwaka ikiisha bila huyo muntu, nitakurudisha kwenu."

Kurudi Kasulu mikono mitupu! Mama yangu alikuwa ameuza mbuzi ninunue lile koti. Nilishuka Walikale roho ikiwa juu juu.

Msimamizi alisema kweli. Omate hakuna aliyenionea haya. Mwenye shimo la madini huko huitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni kubwa, hata akiwa hana viatu. PDG aliyenitesa mimi aliitwa Papa Safari. Kila Jumapili aliweka bidoni tupu, lile dumu la maji, nje ya turubai letu la ibada, akaketi juu yake, akatafuna karanga na kunijibu kwa sauti. Nikisema Bwana ni mwema, yeye: "Kwa nani?" Ndani nilikuwa na wasikilizaji watano, na mmoja wao alikuja kwa sababu ya mvua.

Miezi ikaenda. Kisha shimo la Papa Safari likajaa maji. Kutoa maji ni kazi inayovunja mgongo: watu husimama kwenye ngazi za miti, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana bidoni kutoka chini hadi juu. Vijana wake walikuwa wachache. Sikufikiri sana, nilishuka kama nilivyofundishwa Muheto. Tulitoa maji siku tatu, matope mpaka masikioni, na sikusema neno moja la mahubiri, maana hata pumzi sikuwa nayo.

Wiki iliyofuata malaria ikaniangusha. Wachimbaji walinifunga kwenye pikipiki, na kwa safari ndefu nikafikishwa zahanati ya Hombo. Nililala huko miezi miwili. Nilipopata nguvu ya kurudi, mwaka ulibakiza wiki tatu. Nilipanda Omate Jumapili asubuhi ili nifungashe vyombo vyangu, basi.

Nikasikia wimbo. Turubai lilikuwa limeongezwa upande mmoja kwa miti mipya, na ndani watu wamebanana. Mbele amesimama Papa Safari, amevaa koti langu nililoliacha nilipougua.

"Hii neno, Papa Mwinjilisti aliihubiri vibaya," alikuwa akisema. "Alichanganya Petro na Paulo. Lakini neno yenyewe iko ya kweli."

Aliponiona mlangoni hakusita. "Ikaa, Papa. Hatujamaliza."

Nikaketi juu ya bidoni yake. Jamani, furaha ile sijui niiweke wapi! Baada ya ibada nikamuuliza kilichomgeuza.

"Ulishuka mu shimo yangu siku tatu, haukuomba kitu," akasema. "Hata mikono haukutuomba. Nikasema, Mwenye alimutuma huyu muntu, niende nimujue."

Msimamizi alikuja kabla mwaka haujaisha. Alimhoji Papa Safari muda mrefu, na swali la mwisho likawa: "Na mwinjilisti akirudi kwao?"

"Aende tu. Jumapili haiko ya yeye."

Msimamizi akavua miwani, safari hii si kwa kicheko. Akambatiza kijitoni, pale pale wanaposafishia madini, pamoja na wenzake kumi na mmoja. Nami sikurudishwa. Nilifungua vituo vingine mpaka magoti yalipokataa milima, na popote nilipokwenda nilitafuta salongo kwanza, mahubiri baadaye.

Sasa nimestaafu, niko Kasulu na kuku wangu. Mwezi uliopita Papa Safari alinipigia simu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za kwaya. Nikamuuliza kama watu bado wananikumbuka.

"Nisikudanganye, Papa. Bazee bamekufa, bengine bamehama. Hawa bote bako hapa, hakuna mwenye anajua jina yako."

"Na wanasali?"

"Kanisa imejaa mpaka inje."

Nilikata simu nikapiga magoti, haya haya mabovu, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka kuku wakakimbia.