Mkalimani wa Sinema Yetu

Ukumbi wetu wa sinema hapa Singida mjini unanuka vitunguu vilivyooza na mavi ya kuku. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu wapo watu, wengi wao waliohamia Dar es Salaam, ambao kila wakija likizo hupiga picha pale mbele kwenye ngazi, kisha huziweka mtandaoni na maneno matamu ya kukumbuka enzi. Hawaingii ndani. Waingie kwanza, ndipo tuzungumze habari za enzi.

Mimi niliingia mwezi uliopita, nimeziba pua kwa kanga. Ukivuka mlango unakutana na matenga ya kuku yaliyopandana karibu kugusa dari, yakisubiri lori la Dar. Nyuma yake kuna magunia ya vitunguu. Yale ya chini yamevunda, na maji yake meusi yanatambaa sakafuni mpaka zilipokuwa safu za mbele. Juu wamejaa popo. Ukuta uliokuwa mweupe, ule wa kuonyeshea picha, umechirizikiwa na uchafu wao mpaka umekuwa kahawia. Pembeni mtu kaandika kwa mkaa kwamba ni marufuku kukojoa hapa, na chini ya maandishi hayo watu wamekojoa. Nilitoka mbio nikatapikia mtaroni. Mtunza kuku akacheka, akasema, "Pole mama, ukikaa kidogo pua inazoea." Sitaki pua yangu izoee.

Nilikwenda kwa ajili ya mama. Huyu ninayemwita mama hakunizaa, ni dada mkubwa wa aliyenizaa. Mdogo wake aliniacha mikononi mwake sijaota hata jino, akamfuata mwanamume wa reli kule Itigi. Mama na mumewe walikuwa ndio kwanza wamehamia mjini kutoka Mungaa, na hawakuwa na kitu. Mashemeji wakaja juu: mtoto arudishwe kwa mama yake, nyumba haina mtama wa kulisha watoto wa watu. Mama hakunirudisha. Nilipokuwa nikimuuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa moja tu, sinema.

Siku hizo ukumbi ulikuwa mpya. Aliujenga mfanyabiashara mmoja wa ngozi, na kwa muda ulikuwa ndio jengo la fahari kuliko yote mjini, lenye taa za rangi na viti vya kukunja. Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya wanawake peke yao. Walikuja mpaka wa Issuna, juu ya malori ya mtama, watoto mgongoni, wamejifunga kanga za sikukuu. Picha zilikuwa za Kihindi, na Kihindi hakuna aliyekijua. Kwa hiyo mwenye ukumbi aliajiri mkalimani. Alikuwa mwanamume pekee aliyeruhusiwa ndani siku hiyo. Aliketi kwenye kigoda kando ya ukuta wa picha, kipaza sauti mkononi, akieleza kila wanachosema wale watu. Mambo yakiwa mazito alikiacha Kiswahili akaingia Kinyaturu, na hapo ndipo kanga zilipolowa machozi.

Jumamosi moja ukutani alionekana mwanamke na kichanga kwenye mvua, mlangoni pa hekalu, analia. Mkalimani akapaza sauti: "Amemkuta! Mtoto wa watu kaachwa hapa! Huyu mama anasema, kuanzia leo wewe ni wangu, na atakayekutoa mikononi mwangu aanze kunitoa roho!" Ukumbi mzima ukalipuka vigelegele. Mama alirudi nyumbani akawaambia mashemeji zake maneno yale yale, kama alivyoyasikia. Wakanywea. Nikabaki.

Kwa hiyo nimekua nikijua kwamba nilipata mama kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Kihindi aliyeokota mtoto. Niliringa nalo shuleni. Hata nilipokuwa msichana nikaanza kuingia mwenyewe pale ukumbini, nikarudi mapaja yamevimba kwa kunguni wa vile viti, sikulalamika. Mahali penye wema kama huo nilipasamehe kunguni.

Kisha zikaja video. Mkalimani akaachishwa kazi, viti vikang'olewa, wakaweka mabenchi na televisheni, ukumbi ukawa kibanda umiza. Anayejua kibanda umiza anajua: joto, majasho ya wanaume, makohozi chini, maganda ya karanga juu ya makohozi. Wakati wa mchana, wakati ule ule uliokuwa wa wanawake, wakaanza kuonyesha picha za uchi. Hakuna mwanamke mwenye heshima zake aliyepita tena njia ile. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, maana hata hao wa video walifilisika, kila mtu alipopata simu yake, na hapo ndipo vitunguu vilipoingia.

Sasa mama amezeeka, na mwaka huu kashika neno moja. "Nipeleke pale nikaketi. Nataka niione tena picha ile kabla sijafa." Ndiyo maana nilitangulia kukagua, na ndiyo maana nilitapika.

Nilipoinua uso kutoka mtaroni nikamwona mkalimani. Yuko hai. Anashinda kwenye kilabu cha pombe za kienyeji ng'ambo ya barabara, macho mekundu, ndevu zimegandamana na machicha. Mtu mzima ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba kwa pumzi iliyotaka kunirudisha mtaroni. Nikamtajia picha ile, nikamuuliza inaitwaje, niitafute. Akacheka sana.

"Ya yule mama wa hekaluni? Mwanangu, Kihindi nilijua cha kuombea chumvi dukani, basi. Nilikuwa natazama sura. Wakilia nawaliza, wakicheka nawachekesha. Yule hakuokota mtoto. Alikuwa anamtupa! Mwenye ukumbi alinigombeza baadaye." Akatema ugoro katikati ya miguu yetu, akanitajia jina la picha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa na urefu wa maisha yangu yote. Nilitembea kurudi nyumbani nimejaa nyongo. Nilichukizwa naye, nikachukizwa na ule ukumbi, na zaidi nilichukizwa na kufikiri kwamba kilichonibakiza duniani nikiwa na mama ni ubwege wa mlevi. Na mama je? Akisikia kwamba alibeba mzigo wa mwenziwe maisha yote kwa tafsiri ya uongo, atanitazama vipi?

Ningeweza kumwambia picha haipatikani. Lakini hapo ningekuwa nimerithi kigoda cha yule mzee, na nilikuwa namwonea kinyaa mno. Nikaenda kwa vijana wanaoingiza muvi kwenye simu, wakanipa ile picha ikiwa imetafsiriwa vizuri na mtu anayejua kazi yake. Jioni ile, jua bado lipo, tukakaa uani, mama kaishika simu karibu na pua.

Ikafika pale hekaluni. Mtafsiri akasema polepole, "Nisamehe mwanangu, siwezi kukulea." Mwanamke akamlaza mtoto sakafuni, akaondoka kwenye mvua. Mimi nilitazama chini. Sikuthubutu kumwangalia mama.

"Huyu wa leo anasema kweli," mama akasema.

Nikainua uso.

"Hata siku ile nilimwona anamlaza chini. Macho yangu yalikuwa mazima, mwanangu. Mtu anayeokota haondoki mikono mitupu."

"Sasa mama, mbona uliamini?"

Akaniwekea simu mapajani.

"Asubuhi ile nilikuwa nimeshafunga nguo zako kwenye furushi. Kesho yake nilikuwa nikupeleke Itigi. Sinema nilikwenda kutafuta pa kulia, mahali ambapo hakuna atakayeniuliza. Yule mkalimani akasema anamwokota, na wanawake wote wakapiga vigelegele. Hakuna aliyekuwa amenipigia kigelegele kwa ajili yako. Nikasimama, nikapiga na mimi. Nikarudi nyumbani nikafungua furushi."